Bondo ni la nani? Ngawira, skwadi na mashine ya kugawa

Kuna jibu ambalo siku hizi hutolewa haraka kila wachezaji wa gemu za mtandaoni wanapogombania ngawira, yaani vitu vinavyopatikana kwa kupigana ndani ya gemu: mashine igawe. Kila mtu afungue kasha lake, apate chake, asimtazame mwenzake. Watengenezaji wa gemu wamelipenda jibu hili kwa miaka kadhaa sasa, na vijana wetu wa Mwanza wanaokesha kwenye gemu za simu za PUBG Mobile na Free Fire wanalinukuu kana kwamba limemaliza kesi. Nadhani wamelielewa vibaya. Mashine ikigawa, kelele zinapungua, hilo sibishi. Ila kupungua kwa kelele na kupatikana kwa haki ni mambo mawili, na mtu anayeishi kando ya Ziwa Victoria hana sababu ya kuyachanganya, maana kugawana kilichopatikana kwa jasho la wengi ndiyo kazi inayofanyika kwenye mialo yetu, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kila asubuhi tangu kabla ya simu. Ninachosema mimi ni kwamba mgao huwa wa haki pale sheria yake inapojulikana kabla mtumbwi haujaondoka, na pale anayegawa anapoweza kuulizwa akajibu. Mashine inatimiza sharti la kwanza nusunusu. La pili hailigusi kabisa.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko wachezaji wengi wa leo. Mwaka 1999 ilipotoka gemu ya EverQuest, watu kwa makumi walikusanyika usiku mbele ya kompyuta zao, kila mmoja kwake, kumuua joka mmoja. Joka akifa aliacha vitu vichache kuliko mikono iliyomuua. Kikundi kimoja kilichoitwa Afterlife kikaamua kuweka daftari: anayehudhuria anaandikiwa pointi, na kitu kizuri kikianguka anayekitaka anakilipia kwa pointi zake. Wakaziita pointi za kuua joka, kwa kifupi DKP, na jina limebaki hadi leo hata kwenye gemu ambazo hazina joka hata mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wahenga wetu. Wale vijana walifika pale pale kwa njia ya majoka.

Ilipokuja gemu ya World of Warcraft, Novemba 2004, tatizo likapanuka. Pango la Molten Core lilitaka watu 40 kwa wakati mmoja, na jitu likianguka baada ya saa nzima ya kufa na kufufuka, vilitoka vifaa vya kuhesabika kwa vidole huku watu 40 wakitazamana. Vikundi vingine vilirusha kete: anayekihitaji kitu anabonyeza, kompyuta inatoa namba kati ya 1 na 100, mwenye kubwa anachukua. Vingine viliteua mgawaji mmoja mwenye mamlaka ya kumpa amtakaye. Vingine vilikaa baraza. Vilevile kulikuwa na wezi, tena wa aina ya kuudhi kweli: mgawaji anajimegea upanga, anatoka kwenye kikundi, anazima kompyuta. Mwaka 2018, na toleo la Battle for Azeroth, kampuni ya Blizzard, wenye gemu hiyo, ikamfuta mgawaji. Kila mchezaji akawa na bahati yake mwenyewe inayoamuliwa na seva, yaani ile mashine ya kampuni inayoendesha gemu. Wengi wakaona hadithi imeisha hapo. Haikuisha. Mwaka 2022, katika toleo la Dragonflight, kete za kikundi zilirudishwa kwenye mapango makubwa. Miaka minne tu ilitosha. Wanaosema "mashine igawe" huwa hawalitaji hili.

(Wachezaji wa gemu hiyo ninaowafahamu hapa Mwanza hawafiki vidole vya mkono mmoja. Inataka kompyuta ya maana na karibu dola 15 kila mwezi, na kwa bei hiyo mtu ananunua bando la kumtosha muda mrefu. Nimeichukua kwa sababu huko ndiko swali hili limepasuliwa mpaka mifupa.)

Kwa nini walirudi nyuma? Chukua mfano mmoja mdogo wa enzi ile ya kila mtu na lake. Umepata kofia ya chuma. Namba yake ni kubwa kuliko ya ile uliyovaa, lakini nguvu zake ni za aina ambayo mhusika wako hazimfai. Mwenzako uliyepigana naye bega kwa bega anaihitaji, anaiomba, na wewe unataka kumpa. Seva inakataa. Kwa kuwa namba ni kubwa kuliko ya kofia yako ya zamani, imehesabiwa kuwa ni yako na haigawiki. Mnabaki wawili mnaitazama kofia ambayo mmoja haimfai na mwingine haruhusiwi kuigusa. Hapo hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyependelewa, hakuna wa kulaumiwa, na bado kila mtu ana kinyongo. Kanuni iliyowekwa kuzuia wizi ilizuia ukarimu pia.

Sitaki kuidharau hoja ya upande wa mashine, kwa sababu sehemu yake moja ni nzito. Anayecheza na watu asiowajua hana ulinzi mwingine. Msichana wa Nyegezi anayeingia skwadi ya wageni watatu saa nne usiku hawezi kuitisha baraza, hawezi kumfuata mtu nyumbani, hawezi hata kujua kama hao watatu ni marafiki waliopanga kumnyima. Kwake yeye kasha lake mwenyewe ni kama tiketi yenye namba ya kiti. Inamwokoa na ubabe wa kondakta. Kwa wageni wanaokutana mara moja na kuachana, mimi mwenyewe ningechagua mashine bila kufikiri mara mbili. Kosa linaanza pale dawa ya wageni inapopewa watu wa nyumba moja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya "kete haina ndugu". Eti kwa kuwa bahati haimjui mtu, basi ni ya haki. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kundi la watu watano linacheza usiku kumi, kila usiku kitu kimoja cha maana, kila mtu nafasi moja kati ya tano. Uwezekano wa mtu fulani kumaliza usiku wote kumi bila kupata chochote ni karibu 11 kwa 100, yaani takriban mmoja katika kila tisa. Si ajali ya nadra hiyo. Katika mtaa wenye makundi mawili tu kama hayo, tarajia kumkuta mmoja aliyekesha usiku kumi na kurudi mikono mitupu, pengine yule yule aliyekuwa akiwafufua wenzake kila wakianguka. Tena kete inamhesabu sawasawa aliyepigana na aliyeiacha simu kwenye chaji akaenda kula ugali. Hakika kete haina ndugu. Haina macho pia. Kumpa mtu nafasi sawa ya kupata si sawa na kumpa stahili yake, na ziwani hakuna tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anayewarushia wavuvi wake shilingi hewani ili mmoja aondoke na ndoo zote za dagaa.

Kuna upande wa tatu ambao huku kwetu hautajwi sana, upande wa mnada. Katika World of Warcraft ya kizamani iliyorudishwa mwaka 2019 ulishika kasi mtindo uitwao GDKP: kitu kikianguka kinanadiwa kwa dhahabu ya ndani ya gemu, na mwisho wa usiku dhahabu yote inagawanywa sawa kwa waliokuwepo. Ukiutazama kwa haraka unavutia kuliko mingine yote, maana aliyekosa upanga anaondoka na fungu la fedha. Februari 2024 Blizzard ikaupiga marufuku kwenye seva za Season of Discovery, sura nyingine ya gemu hiyo ya kizamani, na marufuku hiyo ikaonekana tena kwenye seva mpya za maadhimisho ya miaka 20 ya gemu hiyo mwishoni mwa mwaka huo. Wengi waliusoma uamuzi ule kama wivu kwa matajiri. Mimi naona shida ilikuwa chini zaidi. Dhahabu ile ilikuwa inanunuliwa nje kwa fedha halisi kutoka kwa wauzaji wa kichochoro, kwa hiyo mnada uliodhaniwa ni wa wenyeji ulikuwa na mnunuzi ambaye hakuwahi kushika kasia. Kinachochekesha ni kwamba katika toleo jipya la gemu hiyo hiyo kampuni yenyewe inauza, tangu 2015, tokeni inayogeuza fedha halisi kuwa dhahabu. Ni kama kusema: usinunue kwa jirani, nunua dukani kwangu.

Watu walioshika kasia pamoja hufikiri mgao kwa namna yao, na hili limewahi kupimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walizunguka katika jamii ndogo 15 duniani wakiwachezesha watu mchezo mfupi: mmoja anapewa fedha, anaamua ampe mwenzake kiasi gani, mwenzake akikataa, wote wawili wanakosa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Miongoni mwa jamii hizo walikuwemo Wahadza wa hapa Tanzania, ambao walitoa kidogo kulinganisha na wengi na kukataliwa mara nyingi, ingawa nyama ya porini wanagawana kila siku, mara nyingi kwa shingo upande. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa kwa wastani zaidi ya nusu. Maelezo ya watafiti ni kwamba jinsi watu wanavyotegemeana kazini ndivyo wanavyoona kipi ni haki, na nyangumi hauawi na mtu mmoja. Kwangu hilo linatosha kuiweka pembeni dhana kwamba kuna mgao mmoja sahihi ambao mhandisi anaweza kuuandika kwenye seva na kuusambaza dunia nzima.

Njoo sasa kwenye mwalo wa Igombe, asubuhi, wakati wa giza la mwezi. Mitumbwi ya dagaa imekesha ziwani na taa zake, zamani karabai, leo nyingi ni za sola, na inaingia mmoja mmoja huku akina mama wakisubiri na ndoo. Kinachofuata si bahati nasibu hata kidogo. Mialo inatofautiana kwa viwango, ila umbo la hesabu ni lile lile: gharama zinatoka kwanza, mafuta na chakula, kisha fungu la tajiri mwenye mtumbwi, nyavu na injini, kinachobaki ni cha wavuvi. Pembeni kuna kitoweo, samaki wachache anaobeba kila mmoja kwenda nacho nyumbani, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Napenda sana hicho kitoweo. Kinasema kwamba kuna kiwango ambacho mtu aliyekuwepo hashuki chini yake, na hakuna anayekiandika popote. Gemu nyingi hazina kitoweo.

Siupambi mfumo huo. Tajiri ndiye mwenye daftari, na mvuvi anayedaiwa na tajiri wake hana sauti kubwa siku ya hesabu. Chukua bondo. Bondo la sangara, kile kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea, likikaushwa linasafirishwa hadi China, na kilo yake inaiacha mbali kilo ya minofu. Samaki akiuzwa mzima, bondo linaondoka ndani ya tumbo lake na maswali yote yanaondoka nalo. Akipasuliwa mwaloni, swali linazaliwa hapo hapo juu ya ubao wenye magamba: hili ni la nani? La mwenye mtumbwi, la aliyemvuta, au la mwenye kisu? Wakati minofu ndiyo ilikuwa mali na bondo halina bei, hakuna aliyeuliza. Bei ilipopanda, makubaliano ya zamani hayakuwa na neno juu yake. Hiyo ndiyo hali halisi ya ngawira adimu, iwe ndani ya samaki au ndani ya kasha: sheria inakuwa kimya hasa kuhusu kitu chenye thamani kubwa.

Kwenye PUBG Mobile hali hiyo unaiona ndege inapopita juu. Kasha linashuka na mwamvuli wake, moshi mwekundu unapanda, na skwadi nzima inalikimbilia. Ndani kuna bunduki moja ya AWM na risasi chache. Moja, watu wanne. Hapa seva haigawi chochote. Anayewahi ndiye mwenye nayo. Skwadi mbovu inagombana kwa maikrofoni huku adui wakisogea. Skwadi nzuri tayari wanajua kwamba AWM ni ya fulani kwa kuwa ana shabaha, na yeye anajua kwamba dawa zake za ziada atampa yule anayetangulia mlangoni. Mpango huo hawakupewa na seva. Waliutengeneza wenyewe kwa kufungwa mara nyingi.

Skwadi moja ninayoifahamu Kirumba haikuugombania upanga wala bunduki. Vijana wanne walishinda kishindano kidogo cha mtandaoni, zawadi shilingi 200,000, zikaingia kwenye simu ya kapteni. Kapteni akatoa 30,000 za bando, akagawa 170,000 kwa wanne: 42,500 kila mmoja. Mwenzao akapiga hesabu yake. Siku ya mechi bando lilikuwa la 10,000, kwa hiyo kilichopaswa kugawanywa ni 190,000, na kila mtu angepata 47,500. Tofauti ni shilingi 5,000 kwa kichwa. Kapteni akajibu kwamba 30,000 ni bando la mwezi mzima wa mazoezi, ambalo lilikuwa linatoka mfukoni mwake wakati wenzake wakijiunganisha bure kwenye hotispoti yake. Wote wawili walikuwa wakweli. Aliyenisimulia hakulalamikia hata kiasi. "Kaka, hela siyo tatizo," aliniambia. "Alikata kwanza, akasema baadaye."

Ningependa mtu anionyeshe hapo mashine ingesaidia nini. Ingegawa 200,000 kwa nne, 50,000 kila mmoja, kimya, na kapteni angebaki na deni lake la bando la mwezi huku akitabasamu kwa adabu. Wiki iliyofuata hotispoti ingezimwa bila maelezo. Mgao sawa kwa sawa unapendeza machoni kwa kuwa hauhitaji kujua kitu chochote kuhusu walioshiriki, na ndiyo maana ni rahisi kuuandika kwenye programu. Mafuta ya mtumbwi hauyaoni. Akina mama wanaoanika dagaa mwaloni hapo hapo Kirumba wanacheza mchezo wao wa kupokezana fedha kila wiki, na wakati mwingine nawaza kwamba neno letu moja, mchezo, limebeba mambo mawili kwa makusudi. Mama anayepokea wiki ya kwanza na anayepokea wiki ya kumi hawapati kitu kile kile, maana wa kwanza amekopeshwa na wa mwisho amekopesha. Wanalijua hilo, wanalijadili kabla ya kuanza, na mwenye mgonjwa nyumbani anasogezwa mbele. Hakuna kete hapo, na wala hakuna usawa wa namba.

Jambo hili lina upande ambao si wa kirafiki hata kidogo. Mchezaji akishazoea kwamba ngawira ni siri kati yake na seva, anakuwa mteja mzuri wa kasha la kulipia. Lile la kupigania na lile la kununua kwa almasi za Free Fire au kwa UC za PUBG Mobile, fedha za ndani ya gemu, yanafanana umbo: unafungua peke yako, huulizi nafasi ilikuwa ngapi, ukikosa unalaumu nyota yako. China ililiona mapema, ikazitaka kampuni kuanzia Mei 2017 zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo. Ubelgiji mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi na kuyahesabu makasha ya kulipia ya gemu kadhaa kuwa ni kamari. Nchi hizo hazikuuliza kama kete ina ndugu. Ziliuliza nani anairusha na kama anaweza kuonyesha mkono wake. Mgawaji wa zamani akiiba upanga, angalau ana jina, na jina likichafuka hapati tena kikundi. Seva ikiwa na nafasi ya moja kwa elfu, hakuna mwalo wa kuipeleka.

Ndiyo maana kwa skwadi za hapa, hasa sasa zinapoanza kushinda fedha za kweli, nawashauri wasiige gemu. Wakae kabla ya mechi waseme gharama zinahesabiwa za siku ngapi, mchezaji wa akiba anapata kitoweo gani, kapteni anaonyesha ujumbe wa malipo kwa nani na lini. Waandaaji wa mashindano nao wanaweza kutuma zawadi kwa kila mchezaji kadiri skwadi ilivyoandika kwenye fomu ya kujiandikisha, badala ya kuzimwaga kwenye simu moja na kujitoa.

Wale wanne wa Kirumba wamerudiana, na sasa wana daftari la shule lenye sheria tatu ukurasa wa kwanza. Ya nne haijaandikwa. Mmoja wao huja na simu mbili, ya pili anaazima mwenzake ambaye yake inakwama kila moshi ukifunguka, na sasa anataka fungu la simu, kama tajiri anavyochukua fungu la mtumbwi. Wengine wanacheka, wanasema simu si mtumbwi. Mimi niko upande wa mwenye simu, mradi aseme kiasi gani kabla ya Jumamosi.